Cheti cha Mkunga

Varvara Kashevarova alikulia mikononi mwa watu. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1840 katika mkoa wa Mogilev, magharibi mwa Dola ya Urusi, katika familia ya Kiyahudi, na wazazi wake walifariki angali mtoto. Herufi alianza kuzijua akiwa msichana mkubwa. Alipofika miaka 15 akaposwa na mfanyabiashara, akakubali kwa ahadi kwamba baada ya ndoa ataruhusiwa kusoma. Ndoa ilipofungwa, ahadi ikawekwa kando. Alisubiri, akaomba, akasubiri tena. Hatimaye akafungasha, akaondoka.

Petersburg, mji mkuu wa dola, ndiko alikoingia shule ya ukunga. Hali yake tuitazame vizuri, maana ndiyo hali ya wanawake wengi watakaopita katika sura hii. Hakuwa na wazazi wa kuwarudia. Hakuwa na mali. Sheria ya Urusi ilimtaka mke apate ridhaa ya mumewe kabla ya kupewa pasipoti yake mwenyewe, na bila karatasi hiyo mtu hakuweza kuishi kihalali mbali na kwao wala kuajiriwa. Mwanamke wa namna hiyo alikuwa na njia chache za kula kwa jasho lake: utumishi wa ndani, kufua nguo za watu, au kushona kwenye mwanga wa mshumaa hadi macho yafe. Ukunga ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa na shule, mtihani, kiapo, na cheti chenye muhuri. Mwenye cheti hicho alijulikana na serikali kwa kazi yake, hata kama alikuwa mke wa fulani au binti wa fulani.

Wakati huohuo, mbali kusini-mashariki, kwenye nyika za Orenburg karibu na milima ya Ural, Wabashkir walikuwa wakiteswa na kaswende. Ni Waislamu, na wanawake wao hawakukubali kuvuliwa nguo na kuchunguzwa na daktari mwanamume. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua stara ni nini. Utawala wa huko ukatafuta wakunga wa kike watakaojifunza kutibu ugonjwa huo, ukawa tayari kuwalipia masomo. Kashevarova akajitokeza. Akasoma kozi ya kaswende katika hospitali ya Kalinkin, akafaulu, kisha akaleta hoja iliyowabana wakubwa: mkunga, kwa mujibu wa sheria, haruhusiwi kutibu kaswende peke yake. Atakwenda kufanya nini huko nyikani? Mwacheni asome udaktari wenyewe. Mwaka 1863 akaingia Chuo cha Utabibu na Upasuaji, kilichokuwa chini ya Wizara ya Vita.

Mwaka uliofuata wanawake wote walifukuzwa chuoni hapo. Wote isipokuwa yeye, kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshafungwa na fedha za Orenburg. Alibaki mwanamke mmoja katikati ya mamia ya wanaume, na Desemba 1868 akahitimu kwa medali ya dhahabu. Ndiye mwanamke wa kwanza kumaliza masomo ya udaktari ndani ya Urusi.

Kisha akaomba kwenda Orenburg kulipa deni lake. Hakupelekwa.

Sababu yake ndiyo moyo wa sura hii. Kazi aliyokuwa akiiomba, katika hospitali ya jeshi, ilikuwa utumishi wa serikali, na katika Urusi ya wafalme utumishi wa serikali ulikuwa na cheo. Tangu Peter Mkuu alipotangaza Jedwali la Vyeo mwaka 1722, kila mtumishi alisimama kwenye mojawapo ya vidato 14. Mtoto wa kasisi au wa karani aliyesoma, akapata shahada, akaingia kazini, alipewa kidato chake. Akipanda juu vya kutosha, aliingia katika tabaka la wakuu, na wanawe wakazaliwa wakuu. Shahada ya udaktari ilibeba haki hiyo ndani yake. Sasa huyu ni mwanamke, na mwanamke hakuwa na kidato. Angepewa cheo gani? Mafao gani? Nani amuite nani bwana mkubwa? Ofisi zikaandikiana barua, na wanawake wa Kibashkir, ambao kwa ajili yao kila kitu kilikuwa kimeanzishwa, wakabaki bila daktari.

Tunapozungumza juu ya elimu ya ufundi tumezoea kuuliza kama ilimpandisha mtu au haikumpandisha. Kwa wanawake wa Urusi ya miaka 50 ya mwisho ya ufalme, swali hilo halitoshi. Cheti cha mwanamke kilikatwa kichwa makusudi: kilibeba kazi, hakikubeba cheo. Hata hivyo wanawake walikifukuzia kwa nguvu ambayo haielezeki kwa mshahara peke yake. Ukifuatilia maisha yao unaona walichokuwa wakitafuta. Walitaka kuondoka. Kutoka nyumba ya baba kwenda mji mwingine, kutoka chumba cha mume kwenda chumba cha kupanga, kutoka kijiji kwenda hospitali. Ngazi walinyimwa, wakatumia cheti kama nauli.

Kilichowasukuma kwa pamoja ni mwaka 1861, Tsar Alexander wa Pili alipowafungua watwana waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi za mabwana. Tunakumbuka wakulima walioachiwa huru, na ndivyo ipasavyo. Tunawasahau mabinti wa mabwana wadogo. Shamba lililokuwa likilisha shangazi wawili, dada watatu ambao hawajaolewa na mjane mmoja, liliposhindwa kuendeshwa bila kazi ya bure, wanawake hao ndio walioambiwa kwanza kwamba chakula hakitoshi. Wakamiminika mijini wakiwa na Kifaransa kidogo, piano kidogo, na mikono isiyojua kazi. Petersburg wanawake watatu wa tabaka la juu, Anna Filosofova, Nadezhda Stasova na Maria Trubnikova, wakaanzisha chama cha kuwapatia wenzao maskini vyumba vya bei nafuu. Hawakuishia kwenye vyumba. Waligundua kwamba mwanamke unayempangia chumba leo, kesho atahitaji kazi ya kulipia chumba hicho, wakafungua karakana ya kushona. Na baadaye wakaja kuwa wadai wakubwa wa elimu ya juu kwa wanawake.

Serikali ilijibu kwa mkono mmoja kufungua na mwingine kufunga. Mwaka 1858 ilikuwa imeshafungua Petersburg shule ya sekondari ya kutwa ya wasichana, iliyopokea watoto wa matabaka yote. Kwa kipindi kifupi wanawake waliruhusiwa hata kukaa kwenye mihadhara ya vyuo vikuu. Sheria ya 1863 ikawatoa. Wenye uwezo wakakimbilia Uswisi. Nadezhda Suslova, ambaye baba yake alizaliwa mtwana wa familia ya Sheremetev, alipata udaktari Zurich mwaka 1867, na kufikia 1873 wanawake wa Kirusi wanaosoma mjini humo walizidi 100. Hapo Tsar akashtuka. Wanasoma udaktari mchana, usiku wanasoma siasa! Ikatoka amri: atakayebaki Zurich baada ya Januari mosi 1874 hatapata kazi wala mtihani nyumbani.

Lakini amri ninayoiona nzito zaidi ni ya Januari 1871, kwa sababu haikufukuza mtu, ilipanga. Iliandika kazi zinazomfaa mwanamke: ukunga, uganga msaidizi ambao Warusi waliuita ufeldsheri, kuchanja ndui, duka la dawa, kufundisha, telegrafu kwa idadi maalumu, na kutunza hesabu katika taasisi za wanawake. Nje ya hapo, ofisi za serikali zilifungwa kwake. Orodha hiyo ukiisoma taratibu unaona mantiki yake: mwanamke amhudumie mwanamke, mtoto na mgonjwa, na pale ambapo vidole vyake ni vya bei nafuu, akae kwenye mashine ya telegrafu. Shule za ufundi zilizofuata zilijengwa juu ya orodha hiyo.

Mwaka 1872 zikafunguliwa katika chuo kilekile cha Kashevarova kozi za miaka 4. Mwanamke tajiri, Lidia Rodstvennaya, alikuwa ametoa ruble 50,000. Jina walilopewa wahitimu watarajiwa ni wakunga wasomi. Neno daktari lilikwepwa. Mwaka 1876 kozi zikahamishiwa hospitali ya kijeshi ya Nikolaevsky na kuongezwa hadi miaka 5, na mwaka 1877 vita na Uturuki vilipoanza, wanafunzi wa miaka ya juu walikwenda kwenye hospitali za nyuma ya mstari wa mapigano, wakakata viungo vilivyooza, wakauguza homa ya matumbo, na baadhi wakaugua wao wenyewe. Baada ya vita haikuwezekana tena kuwaita wakunga. Mwaka 1880 waliruhusiwa kuvaa kifuani beji yenye herufi mbili za Kirusi: ya kwanza mwanamke, ya pili daktari.

Beji hiyo imenikaa akilini. Daktari mwanamume hakuandikiwa kifuani kwamba ni mwanamume. Nadhani waliibuni kama alama ya kuwatenga, mgonjwa ajue mapema nani anayemshika. Wenyewe wakaivaa kwa fahari. Kila aliyeivaa alikuwa ushahidi unaotembea barabarani.

Sasa tutoke Petersburg, maana Urusi haikuwa Petersburg. Sensa ya 1897 ilikuta kwamba katika kila wanaume 100 ni 29 waliojua kusoma, na katika kila wanawake 100 ni 13 tu. Huko vijijini, mwanamke mwenye elimu ambaye mkulima angeweza kukutana naye mara nyingi alikuwa binti wa kasisi.

Makasisi wa Kiorthodoksi huoa, na kwa vizazi vingi walikuwa tabaka lililojifunga: mtoto wa kasisi huoa binti wa kasisi, na parokia hupita kama mahari. Kanisa lilikuwa na shule za wasichana hao, zilizopewa kanuni mpya mwaka 1868. Lengo lilikuwa kuandaa wake wema wa makasisi, wanaojua dini, kudarizi, kupika na kutunza bustani ya mboga. Ila wavulana wa seminari walianza kukimbilia vyuo vikuu na ofisi, wakaacha kurudi kuoa. Wasichana wakabaki na elimu mkononi na mchumba hayupo. Hapo ndipo mabaraza ya mikoa, zemstvo, yaliyoundwa mwaka 1864, yalipokuwa yakifungua shule za vijijini na kutafuta mwalimu atakayekubali mshahara mdogo, chumba kimoja nyuma ya darasa, na kuni za kuomba kwa mzee wa kijiji. Mwaka 1880 walimu wanawake walikuwa kama mmoja kati ya watano katika shule za vijijini. Kufikia 1911 walikuwa zaidi ya nusu. Shule iliyojengwa kufunga tabaka ndiyo iliyolifungua.

Wapo waliojaribu kumfikia binti wa mkulima mwenyewe. Tver, mwaka 1870, Pavel Maksimovich alifungua kwa fedha zake shule ya kuwafanya wasichana wa vijijini kuwa walimu wa vijijini, na baadaye zemstvo ya mkoa ikaichukua. Ni mojawapo ya kazi njema kabisa katika historia hii. Fikiria tu: msichana ambaye bibi yake aliuzwa pamoja na shamba, anasimama mbele ya ubao.

Mijini walimu wanawake walikuwa na hali bora ya mshahara, na hapo ndipo walipokutana na pingu nyingine. Mwaka 1897 mamlaka ya shule za jiji la Petersburg iliamua kwamba mwalimu mwanamke asiwe ameolewa. Akiolewa, kazi imekwisha. Hoja ilikuwa kwamba mke hawezi kutumikia nyumba mbili, kana kwamba mwalimu mwanamume aliyeoa hakuwa na nyumba. Kwa miaka 16 mwanamke aliyesoma akafaulu akaajiriwa alilazimika kuchagua kati ya darasa na ndoa, na walimu walipigania jambo hilo kwenye mikutano na magazeti hadi amri ikaondolewa mwaka 1913. Waliochagua darasa wengi wao walikuwa wanasomesha wadogo zao na kulisha mama mjane. Cheti kilimtoa mwanamke kwenye nyumba moja, kikamzuia asianzishe yake.

Na sindano? Hapa lazima tukae, kwa sababu ndiko walikokuwa wengi.

Msichana wa kijijini au wa familia maskini ya mjini alipelekwa akiwa na miaka 11 au 12 kwa fundi mwenye karakana, awe mwanagenzi kwa miaka 4 au 5. Hakulipwa. Alilala kwenye sakafu ya chumba cha kazi, kati ya vipande vya vitambaa. Mwaka wa kwanza hata sindano hakuishika: alibeba maji, aliwasha jiko, alimbembeleza mtoto wa bibi mwenye karakana, alipasha moto pasi, alikimbia barabarani kwenye theluji na boksi la gauni kubwa kuliko mwili wake kumpelekea mteja. Mwaka wa pili aliruhusiwa kuokota pini na kutoa nyuzi za bandi. Baadaye upindo, baadaye vifungo. Kukata kitambaa, ambako ndiko kwenye fedha, kulifichwa. Bibi alikata mwenyewe, au mkataji wake mkuu alikata mlango umefungwa, kwa kuwa mwanagenzi anayejua kukata ni mshindani wa kesho. Hivyo msichana alimaliza miaka 5 akiwa na subana kidoleni, mgongo uliopinda, na ujuzi wa mishono minane bila kujua gauni zima linaanzia wapi.

Shule za ufundi za wasichana zilizochipuka tangu miaka ya 1860 zilikuja kuvunja siri hiyo. Darasani, kukata kulikuwa somo kama hesabu: kipimo cha kifua, cha kiuno, cha bega, mistari kwenye karatasi, kanuni inayoandikwa ubaoni kila mtu aione. Tuseme waziwazi kwamba hayo yalikuwa mapinduzi. Maarifa yaliyokuwa mali ya mtu mmoja mwenye funguo yalifanywa mali ya darasa. Riwaya ya Chernyshevsky ya mwaka 1863, *Nini Kifanyike?*, ilikuwa imewatia vijana moto kwa kisa cha wanawake wanaoshona kwa ushirika na kugawana mapato, na wasomi kadhaa wakajaribu kufungua karakana za namna hiyo. Nyingi zilikufa haraka, kwa kuwa waanzilishi walijua nadharia na washonaji walihitaji posho ya wiki hiyohiyo. Shule zilidumu zaidi kuliko ushirika.

Mwaka 1883 ilifunguliwa Petersburg shule ya lesi, kazi ya Sofia Davydova, aliyezunguka mikoani akikusanya michoro ya wanawake wa vijijini. Wasichana walitoka mikoa ya mbali, wakajifunza kuchora na kusuka kwa ustadi wa hali ya juu, wakarudi kwao kuwafundisha wengine. Nampenda Davydova kwa hilo la kurudi. Shule nyingi za wakati ule zilimchukua msichana kijijini na kumwacha mjini.

Halafu ikaja Singer. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kutengeneza cherehani Podolsk, karibu na Moscow, mwaka 1902, na kuziuza kwa malipo ya kidogokidogo hadi vijijini kabisa. Mama yangu alikuwa na cherehani ya Singer, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita, na ninajua mashine hiyo inaweza kusomesha watoto. Kwa hiyo siidharau. Ila tazama ilivyofanya kazi huko. Mwanamke aliyejua kukata, akiwa na cherehani, alikuwa fundi anayejitegemea. Mwanamke aliyejua kushona mistari minyoofu tu, akiwa na cherehani ya mkopo, alikuwa mfungwa wa dalali anayemletea mafungu ya mashati yaliyokatwa tayari na kumlipa kwa kipande. Mashine ni ileile moja. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeingia darasani, na darasani waliingia zaidi mabinti wa makarani, wa wenye maduka madogo, wa mafundi. Binti wa mkulima aliendelea kulala sakafuni kwenye karakana.

Turudi kwa wakunga, maana nao walikutana na ukuta usiotarajiwa. Zemstvo ziliwaajiri wakunga wenye vyeti na kuwapeleka vijijini. Akifika, msichana wa mjini wa miaka 22, hajaolewa, hajazaa, na mkoba wake wa vyombo vinavyong'aa, anakuta kila uzazi uko mikononi mwa mkunga wa jadi, bibi mzee mjane ambaye amewapokea baba na mama wa mtoto anayezaliwa leo. Bibi huyo hakuja kuzalisha tu. Alimwogesha mzazi, alikanda tumbo, alikamua ng'ombe, alipika supu, alichunga watoto wakubwa, akakaa siku kadhaa, na ujira wake ulikuwa mkate na kipande cha kitambaa. Mkunga wa serikali alizalisha, akafunga mkoba, akaondoka. Wanawake wa kijiji walifanya hesabu yao na hesabu hiyo ilikuwa na akili: anayebaki nyumbani wakati mume yuko shamba na mzazi hawezi kuinuka ndiye anayefaa. Wengi waliita mkunga mwenye cheti pale tu mambo yalipoharibika, mtoto amekaa vibaya au damu haikatiki, na mara nyingi alichelewa kuitwa.

Waliofaulu ni wale waliokuwa na mafunzo mapana. Katika miaka ya 1870 zilianzishwa kozi za mafeldsheri wanawake, na mwanamke mwenye ukunga na ufeldsheri kwa pamoja alikuwa na la kufanya kila siku: kidonda, homa, jino, jicho, chanjo. Kijiji kilimzoea kupitia kikohozi cha mtoto, ndipo kikamwita kwenye uzazi. Madaktari wa zemstvo waliowadharau mafeldsheri wa zamani, wengi wao wanajeshi wastaafu wanaopenda pombe, walianza kuwaomba hawa wanawake kwa majina.

Na hapo, mambo yalipoanza kukaa sawa, dola ikashikwa na hofu. Alexander wa Pili aliuawa kwa bomu Machi 1881, na miongoni mwa walionyongwa alikuwemo mwanamke, Sofia Perovskaya. Kwa serikali mpya, mwanamke msomi na mwanamke wa bomu wakawa mtu mmoja. Waziri wa Vita Milyutin, mlinzi wa kozi za udaktari, akaondoka. Mwaka 1882 kozi zikaacha kupokea wanafunzi, na kufikia 1887 zilikuwa zimekwisha.

Mwaka huohuo wa 1887 waziri wa elimu, Ivan Delyanov, alitoa waraka ambao Warusi wanaukumbuka hadi leo kwa jina la waraka wa watoto wa wapishi. Aliwaagiza wakuu wa shule za sekondari wasipokee watoto wa madereva wa farasi, watumishi wa ndani, wapishi, wafuaji na wenye vijiduka, isipokuwa wachache wenye vipaji vya pekee, ili wasitolewe katika mazingira waliyozaliwa. Mwaka uliofuata, 1888, ikatoka kanuni ya shule za viwanda na ufundi kwa wavulana. Ukiziweka nyaraka hizo mbili pamoja utaona mpango mzima: mtoto wa mpishi apewe patasi badala ya Kilatini, kwa kuwa Kilatini kilielekea chuo kikuu. Elimu ya ufundi, ambayo ingeweza kuwa heshima ya taifa, ilifanywa uzio. Nimeisoma habari hii mara nyingi na hainipiti kirahisi. Mfuaji nguo aliyekuwa akiweka kopeki kwenye kopo kwa ajili ya mwanawe aliambiwa na waziri wa nchi kwamba kosa la mtoto ni mama aliyemzaa.

Palikuwa na kundi moja ambalo kwalo cheti cha ufundi kilikuwa na thamani isiyolinganishika. Wayahudi wa dola, isipokuwa wachache, walilazimishwa kuishi katika mikoa ya magharibi tu. Sheria ya Januari 1879 iliwaruhusu Wayahudi wenye vyeti vya famasia, meno, ufeldsheri na ukunga kuishi popote katika dola. Msichana wa Kiyahudi wa mji mdogo wa matope aliyesoma ukunga hakuwa anatafuta kazi peke yake. Alikuwa anatafuta ruhusa ya kushuka kwenye treni Moscow au Petersburg na kulala bila kuogopa askari. Ndiyo maana shule za ukunga zilijaa wasichana hao. Cheti chao kilikunjwa mara nne na kutembea nao, kwa kuwa kilikuwa dirisha, mlango na paa.

Mwaka 1897 Petersburg ikafungua tena elimu ya udaktari kwa wanawake, safari hii kama Chuo cha Utabibu cha Wanawake, na Lidia Rodstvennaya, sasa mke wa Jenerali Shanyavsky, alikuwa tena miongoni mwa waliokipigania. Sheria ya pasipoti ilisubiri hadi Machi 1914 ndipo mke akaruhusiwa kupata ya kwake bila kumwomba mume. Kashevarova hakuiona siku hiyo. Aliolewa tena, na Mikhail Rudnev, profesa wa patholojia. Mwaka 1876 akatetea tasnifu, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya juu ya udaktari ndani ya Urusi. Akafiwa na mume. Akasimangwa magazetini na waandishi walioona mwanamke mpasuaji ni kichekesho. Akahamia shamba katika mkoa wa Voronezh, akawatibu wakulima na kuandika kitabu cha afya ya wanawake kwa lugha nyepesi. Alifariki mwaka 1899. Orenburg hakufika kufanya kazi aliyosomeshewa.

Mwaka 1908, katika chuo kile cha wanawake, alihitimu Gulsum Asfendiyarova, Mwislamu aliyezaliwa Tashkent, kutoka ukoo wa watawala wa nyika za Wakazakh. Alirudi Turkestan kuwatibu wanawake kwa lugha yao, wakiwa wameketi kwenye mazulia yao, mlango umefungwa. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi na mkalimani wa serikali. Msichana alikuwa na elimu ya gimnazia, yaani sekondari, Kirusi safi na nauli ya treni. Mabinti wa wachunga kondoo wa huko walimfahamu kama wagonjwa wake.